Vinili inayobanduka: soma mgongo wake kabla ya kununua gundi nyingine

Swali: "Fundi, habari za kazi. Jikoni kwangu nina vinili ya roli iliyobandikwa juu ya saruji, sasa ina miaka minne. Mwaka jana ilianza kuachia kwenye maungio karibu na sinki. Nikaibandika kwa gundi ya viatu, ikakaa miezi miwili. Nikarudia kwa ile gundi ya haraka inayonasa vidole, hiyo haikufika hata wiki tatu. Sasa ukingo umejikunja juu, na katikati ya chumba pametokea uvimbe wa ukubwa wa sahani. Nimetandika mkeka wa mpira juu ya ukingo ili watoto wasijikwae. Je, kuna gundi kali zaidi ya hizo, au ning'oe yote niweke mpya?"

Gundi kali zaidi zipo, ila kwa sasa usinunue yoyote. Gundi mbili za aina tofauti zimeshindwa mahali pamoja, tena zote mapema. Hapo mimi huacha kuilaumu gundi, naanza kuuliza ilikuwa imeshika nini. Na kung'oa yote bado ni mapema mno. Kwa maelezo yako, naona asilimia kubwa ya sakafu hiyo haina tatizo.

Cha kwanza, toa huo mkeka wa mpira leo hii. Najua umeuweka kwa nia njema, lakini unaharibu mara mbili. Unafungia unyevu palepale panapotakiwa kukauka, na mpira una kemikali zinazohamia ndani ya vinili na kuacha doa la manjano au kahawia. Doa hilo halitoki kwa sabuni wala kwa dawa yoyote, kwa sababu si uchafu uliokaa juu, ni vinili yenyewe iliyobadilika rangi. Kwa muda huu bandika utepe mpana juu ya ukingo ili usikwaze mtu. Haupendezi, lakini utabanduka bila kuacha kovu.

Nieleze kidogo vinili ni kitu gani, maana ukilijua hili mambo mengi hapo jikoni yatajieleza yenyewe. Ni PVC, ndugu wa yale mabomba magumu ya maji. Kwa asili plastiki hii ni ngumu na inavunjika. Mwaka 1926 mkemia Waldo Semon, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya B.F. Goodrich huko Marekani, aligundua namna ya kuilainisha kwa kuichanganya na vimiminika fulani ikawa inakunjika kama mpira. Hicho kilainishi ndicho kinachoifanya vinili ya sakafu ilale chini kwa utulivu. Lakini hakikufungwa humo kwa kufuli. Huhama polepole: kwenda kwenye mpira unaoigusa, kwenda kwenye gundi isiyofaa, na baada ya miaka mingi ya jua na joto hupungua mpaka vinili inasinyaa na kukakamaa.

Sasa twende kwenye ukingo. Usiuvute ukiwa baridi, utapasuka. Chukua kikausha nywele, kishike umbali wa shibiri moja, kizungushe bila kukituliza mahali pamoja mpaka vinili iwe na joto la nguo iliyotoka kupigwa pasi. Usitumie moto wa tochi ya gesi, na ile mashine ya hewa moto ya kubandulia rangi mwachie aliyeizoea, kwa sababu PVC ikizidishiwa joto huungua na kutoa moshi wenye asidi. Vinili ikishalegea, inua ukingo taratibu kwa kisu butu cha puti, uukunje nyuma kiasi cha kiganja kimoja, kisha uutazame mgongo wake na sakafu iliyo chini yake. Leta taa. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wengi wanapopitiliza.

Ukiona gundi imebaki yote kwenye mgongo wa vinili, na juu ya gundi hiyo kuna unga wa kijivu kama umeipaka jivu, basi haikushika sakafu bali vumbi lililokuwa juu ya sakafu. Saruji haikufagiliwa vizuri, au uso wake ni dhaifu na unamomonyoka. Ukiona kinyume chake, kwamba gundi imebaki sakafuni ikiwa na mistari iliyonyooka ya meno ya mwiko, mistari mizima haijabanwa hata kidogo, ujue vinili ililazwa gundi ikiwa imeshakauka, au haikukandamizwa. Hili kosa la fundi aliyepaka chumba kizima kisha akaenda kujibu simu nimelikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Ukikuta gundi imekuwa kama uji mweupe, inavutika, ina harufu ya kuchacha, hayo ni maji. Ukikuta unga mweupe mkavu uliokaa kwa mawimbi kama chumvi iliyoachwa na maji ya bahari, hayo pia ni maji, ila yametoka ndani ya saruji yakabeba chumvichumvi zake na kuziacha juu yalipokauka. Na ukikuta mgongo umechanika, nusu yake ya kitambaa au karatasi imebaki sakafuni na nusu iko mkononi, basi gundi ya kwanza ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Vinili yenyewe ndiyo iliyogawanyika. Hapo huwezi kubandika sehemu mbili zikarudi kuwa moja.

Kwako, kwa kuwa ni karibu na sinki, dau langu ni maji. Swali ni yanatoka wapi, kwa sababu maji ya juu na maji ya chini yana tiba mbili tofauti kabisa.

Anza na ya juu, ni rahisi. Ondoa vitu vyote chini ya sinki, kausha kila ungio la bomba kwa kitambaa, kisha zungushia kila ungio karatasi ya tishu kavu. Jaza sinki hadi juu, ulifungulie maji yote kwa mkupuo. Mara nyingi bomba la maji taka halivuji wakati maji yanachuruzika, huvuja linapobanwa. Rudi baada ya dakika kumi uangalie ni tishu ipi imelowa. Mimi mwenyewe niliwahi kubandika kona moja nyumbani mara tatu, kila mara nikiwa na hakika kwamba sasa nimeimaliza. Mara ya nne nililala kifudifudi na kurunzi mkononi, nikaona tone moja limening'inia chini ya nati ya plastiki. Nililisubiri. Lilichukua karibu dakika mbili kudondoka. Tone moja kila dakika mbili halitoshi kulowesha hata kitambaa ukipita unapangusa, lakini usiku na mchana kwa miezi lilikuwa linaingia chini ya vinili yangu bila kupumzika. Nati ile niliikaza kwa vidole, robo mzunguko, basi.

Njia nyingine ya maji ya juu ni deki. Ungio la vinili likishafunguka kwa unene wa unywele, kila ukipiga deki kwa tambara linalochuruzika unamwagilia gundi. Vinili yenyewe haipitishi maji, kwa hiyo yakishaingia hayana pa kutokea.

Maji ya chini yapime kwa nailoni. Safisha sehemu ya saruji iliyo wazi, weka kipande cha nailoni angavu chenye upana wa sentimita 45 kila upande, kisha ukizibe kingo zote nne kwa utepe pasiwe na upenyo. Kiache kisipungue saa 16. Mimi huacha siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani, au saruji chini yake imekuwa nyeusi kuliko jirani yake, unyevu unapanda kutoka ardhini. Fanya hivyo mahali pawili au patatu, pamoja na pale penye uvimbe kama utaufungua. Kipimo hiki hakimnasi kila mhalifu, kwa kuwa unyevu mdogo unaweza kukipita, lakini kikikuambia pana maji, kiamini. Sakafu yako ina miaka minne, kwa hiyo haya si maji ya ujenzi. Saruji mpya mafundi huikadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene. Maji yakipanda leo, yatapanda na mwakani.

Kama yanapanda, habari si nzuri: hakuna gundi ya kubandika ukingo itakayodumu hapo. Ama chumba kizima kivuliwe vinili na saruji ipakwe epoksi ya kuzuia unyevu kabla ya kubandika upya, ama uweke sakafu nyingine inayovumilia, kama vigae vya kauri. Kama ni nati inayovuja au deki, endelea kusoma, maana kazi hiyo utaifanya mwenyewe.

Rekebisha uvujaji. Kisha acha ukingo ukiwa umeinuliwa, uegemeze kwenye vijiti au vipande vya mbao, elekeza feni pale na usiwe na haraka. Siku tatu ni chache. Juma moja ni bora. Rudia kipimo cha nailoni kabla ya kuendelea. Watu hupanguza, hupuliza kwa kikausha nywele dakika tano, huona pamekauka, hubandika. Uso wa saruji hukauka upesi, tumbo lake bado limeshiba.

Wakati inakauka, ondoa mabaki ya gundi zako mbili. Hapa ndipo nikueleze kwa nini zilishindwa hata bila maji. Gundi ya viatu ina kiyeyusho kikali kinachoshambulia mgongo wa vinili, na baadaye kilainishi cha vinili huhamia ndani yake na kuigeuza kuwa ulimbo laini usiokauka milele. Gundi ya haraka ina tabia tofauti: hukauka ikawa ngumu kama kioo, na vinili hunyumbuka kila mtu anapoikanyaga. Kitu kigumu kikibandikwa kwenye kitu kinachonyumbuka, kigumu hupasuka. Kwa hiyo uliyaona maumbile yao, si bahati mbaya.

Zikwangue kwa kisu cha puti, upande wa sakafu na upande wa mgongo, ukishika kisu kikiwa kimelala ili kisitoboe. Gundi iliyolegea hutoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ile ngumu ipashe joto kidogo kisha ikwangue. Usitumie asetoni wala tina, kwa kuwa zote hushambulia PVC, na tone moja litakaloangukia sura ya vinili litaacha alama ya kudumu. Saruji ikiwa inatoa unga ukiisugua kwa kiganja, isugue kwa brashi ya waya, uvute vumbi lote, halafu upake praima ya sakafu, ile rangi ya awali inayoandaa uso kushika gundi. Mashimo yazibe kwa plasta ya saruji na uyasawazishe. Vinili ni mmbea: punje moja ya mchanga chini yake utaiona juu kila siku, na baada ya muda itatoboa.

Lakini ngoja. Kama chini ya vinili yako kuna sakafu nyingine ya zamani, hasa vigae vidogo vigumu vya inchi tisa kwa tisa au gundi nyeusi kama lami, usisugue, usikwangue, usipige msasa. Vifaa vingi vya sakafu vya miaka ya 1980 kurudi nyuma vilichanganywa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi, na vumbi lake ndilo linaloua mapafu. Uingereza ilipiga marufuku aina yake ya mwisho iliyokuwa bado inaruhusiwa mwaka 1999, na bado ipo katika nyumba nyingi za zamani duniani. Ikiwa imetulia na haijavunjika, kuiacha ilipo na kuifunika ndiyo salama zaidi. Kupima ni kazi ya maabara, haijulikani kwa macho.

Gundi ya kununua ni ya akriliki inayochanganywa na maji, iliyoandikwa kwenye kopo kwamba ni ya vinili. Haina makeke. Wala haihitaji kuwa kali, kwa sababu vinili iliyolala vizuri haivuti kwenda juu. Ipake sakafuni kwa mwiko wenye meno madogo, ya milimita moja na nusu hivi, safu nyembamba. Kisha subiri. Mwanzoni ni nyeupe kama maziwa, kisha huanza kung'aa na kupitisha rangi ya saruji. Iguse kwa kidole: ikinata lakini haihamii kidoleni, wakati umefika. Kopo litakuambia muda wake, na muda wa kopo lako ufuate kuliko wangu.

Pasha ukingo joto tena ili kumbukumbu ya kujikunja imtoke, ulaze kuanzia kwenye sehemu ambayo bado imeshika ukija nje, ukisukuma hewa mbele yako kwa kiganja. Usiushushe wote kwa mara moja. Kandamiza kwa kipande cha mbao kilichozungushiwa kitambaa, ukitumia uzito wa mwili. Gundi iliyochungulia kwenye ungio ifute palepale kwa kitambaa chenye unyevu. Tandika nailoni, juu yake ubao ulionyooka, juu ya ubao ndoo mbili zilizojaa maji. Acha saa 24. Ubao ni wa lazima: ndoo peke yake itabonyeza duara na kuacha kingo zikipumua.

Siku inayofuata ziba ungio kwa dawa ya maungio ya vinili, ile ya chupa ndogo yenye mdomo mwembamba. Hii si gundi ya kawaida. Huyeyusha kingo mbili kidogo zikashikana na kuwa kitu kimoja, na ndiyo itakayozuia deki kuingia tena. Mafundi wengi huiruka kwa kuwa haionekani na hakuna anayewauliza. Pitisha mdomo wa chupa ndani ya ungio kwa mwendo mmoja bila kusimama, fungua madirisha, zima jiko, na ikimwagika juu usiifute ikiwa mbichi, maana utasambaza doa lisilo na mng'ao. Iache ikauke.

Uvimbe wa katikati ni kesi ya peke yake. Ubonyeze kwa kidole kwanza. Ukihama kwenda pembeni kama kiputo, ni hewa. Ukisikia majimaji, au ukibonyeza karibu na ungio ukaona unyevu unatokeza, rudi kule kwenye maji. Kama ni hewa, jaribu joto kabla ya kisu: pasha, kandamiza, weka ubao na ndoo usiku kucha. Mingine humalizika hivyo.

Uvimbe usipokubali, weka wembe mpya kwenye kisu na ukate mstari mmoja kufuata nakshi, kama vinili yako ina mistari ya mbao au ya vigae. Mkato uliofuata mstari wa nakshi utautafuta mwenyewe baada ya mwezi usiuone. Uliokatiza utauona kila ukiingia jikoni. Vuta gundi ileile ya akriliki kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukiilegeza kwa maji kidogo kama ni nzito, uiingize pande zote mbili za mkato. Kidogo. Gundi nyingi haikauki chini ya plastiki, nayo itakuachia kilima mahali pa uvimbe. Sukuma ya ziada itoke, futa, lemea kwa uzito, kesho yake pitisha dawa ya maungio. Kingo zikipandana baada ya kulala, punguza mmoja kwa upana wa uzi tu.

Uvimbe ukirudi bila unyevu wowote, kagua kuta. Vinili hutanuka na joto. Kama ilikatwa ikagusa ukuta pande zote, haina pa kwenda ila juu. Ng'oa ubao wa chini ya ukuta upande mmoja, punguza milimita tatu hadi tano, rudisha ubao.

Kama ukingo wa pale sinki umeshapasuka au mgongo umegawanyika, weka kiraka. Mabaki ukiwa huna, kata kipande chini ya friji au ndani ya kabati, mahali pasipoonekana. Kilaze juu ya palipoharibika mpaka nakshi zilingane kabisa, kibane kwa utepe kisisogee, kisha kwa rula ya chuma kata vyote viwili kwa pamoja, cha juu na cha chini, kisu kikiwa wima. Toa kibovu, kizima kitaingia mahali pake kama kifuniko. Ukijaribu kupima kimoja kisha ukakata kingine peke yake, hakitakaa sawa hata uwe na jicho la sonara.

Kuhusu kuweka mpya: kunja kona kidogo ikiwa ya baridi ya kawaida. Ikikunjika, bado ina kilainishi na ukarabati utakulipa. Ikitoa mlio na kuchanika, au ukiona nafasi za maungio zinapanuka kila mwaka ingawa hazijabanduka, imesinyaa, hiyo usiihangaikie. Na ukija kuchagua vinili mpya za vipande vya mfano wa mbao, zinazobanana kwa kufungana zenyewe, hizo usizigundishe sakafuni hata kidogo, zimeundwa kuelea.

Mabaki ya kiraka usiyachome motoni, moshi wake ni ule wenye asidi nilioutaja. Yaviringishe, sura ikiwa nje na mgongo ndani, uyahifadhi juu ya kabati.